Mwalimu wa Udereva Ashika Usukani wa Mashua

Wanafunzi wake walimwita Breki, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Alikuwa mwalimu wa udereva. Kazi yake, miaka nenda rudi, ilikuwa kukaa upande wa abiria, mguu juu ya breki ya pili, akisubiri mtu akosee. Na walikosea kwelikweli: huyu alichanganya gia, yule alifumba macho kila lori lilipomjia. Breki alikanyaga, gari likasimama, akafuta jasho na kusema, "Haya, tuanze upya." Hata nyumbani mguu ulibaki kazini. Akitazama mpira kwenye televisheni, mchezaji akimvamia mwenzake, yeye alikandamiza zulia mpaka likatoboka.

Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke wa maneno machache na mikono iliyotulia. Watoto walipohama nyumbani, alijiunga na chama cha wenye mashua, akajifunza kutweka tanga, akanunua mashua ndogo kuukuu na kuipaka rangi mwenyewe. Kila mwaka wanachama walisafiri pamoja kufuata pwani, na kila mwaka Breki alikuwa na lake: mara mgongo, mara mitihani ya wanafunzi. Mwaka ule visingizio vilimwishia.

"Kwani hiki chombo kina breki?" aliuliza gatini.

"Hakina."

"Sasa kinasimamaje?"

"Kinasimama kikitaka," mkewe akajibu, akimkaza mikanda ya jaketi la kuokolea kama anayemvisha mtoto wa chekechea.

Ziling'oa nanga mashua tatu. Ya mbele ilikuwa ya daktari wa meno, mwenyekiti wa chama. Ya pili ilikuwa ya mapacha wawili wenye duka la viatu, wanawake wa kucheka kwa sauti. Yao ikawa ya mwisho. Asubuhi bahari ilikuwa shwari, na Breki alianza hata kupiga mluzi. Walipokaribia rasi upepo ukageuka. Zile mashua mbili zikazunguka rasi na kutoweka machoni. Yao ikalala ubavu, tanga la mbele likakwama juu mlingotini mkewe alipojaribu kulishusha, na upepo ukaanza kuisukuma kuelekea miambani. Mkewe aliwasha injini. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Njoo ushike usukani," akasema.

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu?"

Mkewe alijifunga kamba kiunoni, akatambaa kwenda mbele kulikwamua tanga. Breki akashika usukani kwa mikono miwili. Mguu ukatafuta kanyagio, ukakanyaga ubao kwa nguvu zote, na mashua haikujali. Wimbi likaja limesimama. Akalitazama, mkono ukashtuka, mashua ikapinda ghafla na mkewe akateleza mpaka ukingoni.

"Usiangalie mawimbi!" mkewe alipaza sauti bila kugeuka. "Angalia unakokwenda! Ule mnara mweupe, uuweke kushoto kwako!"

Maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe. Ni watu wangapi aliowaambia waache shimo, waangalie barabara? Akainua macho, akauona mnara. Akavuta taratibu, akasubiri. Mashua ilichelewa kuitika, lakini iliitika. Akavuta tena.

Redio ikakwaruza. "Mashua ya mwisho, hatuwaoni," ilikuwa sauti ya daktari. "Mko salama? Tunarudi kuwafuata."

Hakuwa na mkono wa kujibia. Mnara ukawa unasogea kushoto, polepole mno. Hatimaye tanga likaanguka puu! Mkewe akalilalia kwa kifua na kulifunga, na mashua ikainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Miamba ikabaki nyuma. Mbele yao, akizunguka rasi, alikuwa daktari.

Breki akanyakua redio. "Tupo! Daktari, tupo! Sote wawili tupo!"

"Na nani anaendesha?" mmoja wa mapacha akadakia hewani.

"Mimi!"

Vigelegele vilivyotoka kwenye redio ile vilimziba masikio.

Ng'ambo ya rasi, ghubani, maji yalitulia kama ya beseni. Mapacha wakadaka kamba zao, daktari akawasaidia kutia nanga. Ndipo Breki akauachia usukani. Akakaa chini, na mkewe akakaa kando yake, kichwa begani kwake.

"Nilikuwa naogopa, baba watoto."

"Wewe? Nilidhani huogopi kitu."

"Meno yaligongana. Lakini ningekuambia pale, ungefanyaje?"

"Ningekanyaga breki."

Walicheka mpaka daktari akawachungulia, akidhani kuna aliyeumia. Muda si muda Breki alikuwa amesinzia palepale, viatu vimelowa, miguu yote miwili imelegea kama ya mtoto. Mkewe aliitazama miguu ile, akamfunika blanketi, akawakataza wenzao kupiga kelele.

Kesho yake waling'oa nanga pamoja. Breki aliutaka usukani kabla hajaombwa, akauliza lile kundi la miti pale mbali ndilo la kufuata au la. "Ndilo," mkewe alisema. Kisha akashuka ndani, akaketi, na kwa mara ya kwanza katika safari zake zote akanywa chai yake yote ingali moto.