Nanzala Halali Eldoret

Wamalwa aliumia goti Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, aliporuka ukuta wa kanisa katika mtaa wa Munyaka, Eldoret, akiwa amembeba mwanawe Ronnie mgongoni. Nyumba yao iliteketea siku hiyo. Mkewe, Nanzala, alimchukua mtoto akarudi kwao Webuye, akaapa kwamba hatalala tena Eldoret. Wamalwa alibaki kwa sababu ya kazi. Alikuwa karani katika duka la mbegu.

Kwa miaka minane alitembea na goti lililokuwa likikunjika ghafla, hata akiwa amesimama kuimba kanisani. Hatimaye aliambiwa kwamba kano ya katikati ya goti ilikatika, atawekewa nyingine, na akishapasuliwa atahitaji mtu wa kukaa naye nyumbani. Akampigia mkewe simu. Nanzala akasema, "Nitakuja." Hakusema kama atalala. Wamalwa akanunua godoro jipya, akaliombea kwa Mungu jambo hilo kila asubuhi.

Katika chumba cha upasuaji alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Kwenye skrini aliuona mfupa wake kwa upande.

"Kano yenyewe haionekani kwa eksirei," daktari Jepchirchir alimweleza. "Tunafuata alama za mfupa, ndiyo tujue ile ya zamani ilishikia wapi. Tukitoboa mbele kidogo tu, hii mpya italegea." Akamgeukia mpiga picha wa eksirei. "Zungusha kidogo. Hivi vifundo viwili vya mfupa havijalaliana."

Picha ikapigwa tena, na tena. Wamalwa alikuwa akiwaza kama Nanzala angekuja kweli.

Siku ya kuruhusiwa, Nanzala alikuja, akampeleka nyumbani. Alipika, akafua, akamwekea mguu juu ya mto. Godoro jipya alilitandika vizuri, ila hakulikalia.

"Mama Ronnie, si ulale leo? Siku hizi kumetulia."

"Najua kumetulia, Baba Ronnie. Hata siku ile asubuhi kulikuwa kumetulia."

Wamalwa alimtazama akijifunga leso.

"Basi nenda mapema," akamwambia, "giza lisikukute njiani. Msalimie kijana."

Sauti ya nyayo zake ilipopotea, Wamalwa alimwombea mkewe afike salama. Kisha akachukua magongo, akajivuta polepole hadi mlangoni, akaufunga kwa ndani.