Mguu Uliojua Njia ya Bagamoyo

Mtaa mzima wa Isevya, au tuseme mimi na Hamisi wa jirani, tulijua kwamba miguu bandia mipya iliyoletwa mjini kufanyiwa majaribio ilitengenezwa kwa mifupa ya wapagazi wa kale, wale waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Ukiuvaa, alisema Hamisi, mguu unakumbuka njia. Utajikuta pwani, na kurudi hujui. Niliamini kuliko nilivyoamini jedwali la kuzidisha.

Balaa ni kwamba mama yangu alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kuijaribu. Nyoka alimuuma shambani, akakatwa mguu chini ya goti, akakaa mkekani misimu miwili ya mvua. Sasa alipewa miguu mitatu kwa zamu, aitembeze mchangani, kwenye mawe na ngazini, kisha aseme upi unamfaa. Wa kwanza ulikuwa mzito kama kinu. Wa pili ulilia kwichi, kwichi, kuku wakahama mtaa. Wa tatu, fundi aliyeileta akausifu: "Huu unasukuma wenyewe, mama." Nikakumbuka maneno ya Hamisi.

Na kweli ulisukuma! Nyumba ikabaki na harufu ya raba tu, mama mwenyewe hayupo: asubuhi sokoni, mchana kwa shoga yake, jioni stesheni kutazama treni. Mimi nyuma, nikihema kama punda kumi. Hamisi akanidhihaki: "Mtembezi hula miguu yake, ila huo wa mama yako hauliki!"

Siku mama alipojifunga kitenge kipya aende Kigwa kumwona bibi, ambaye hakuwa amemwona tangu akatwe mguu, niliuficha mguu ule wa tatu kwenye gunia la mkaa. Alitafuta hadi chini ya mtungi. Mwishowe akaketi kwenye mkeka uleule. Treni ikapiga honi, ikaenda zake. Siku hizi nalalamikia kiti kigumu cha basi la Nzega, mimi mwenye miguu miwili, kisha naikumbuka honi ile na kunyamaza.

Siku ileile nikautoa mguu gunini, mweusi tii, huku nalia. "Utakupeleka Bagamoyo, mama!" Nikamweleza habari za wapagazi, wote, na mizigo yao.

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Kisha akaupangusa mguu, taratibu.

"Hii ni raba na plastiki, baba. Haijui hata Kigwa iko upande gani. Anayetaka kwenda ni mimi. Nitapanda treni ijayo, nimwone mama yangu, halafu nitarudi."