Meza ya Kukimbia Nayo

Siku niliporudi nyumbani nikiwa na kriki, jeki ya gari, mkononi, jirani yangu mchomeleaji vyuma aliinua miwani yake myeusi akaniuliza mbele ya wateja wake:

"Muzee, sasa gari iko wapi?"

"Iko njiani, inakuya."

"Ah, bon. Umeanza na kriki. Mwaka kesho utapata pneu, mwaka mwingine volani. Utafika tu, muzee, usichoke!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ingawa moyoni sikuwa na kicheko. Mlima wetu wa volkeno ulikuwa umewaka kwa mara ya pili maishani mwangu. Tulikuwa tumekimbia na watu wote, tukapita Mugunga hadi Sake, tukalala kwenye sakafu ya kanisa, kisha tukarudi Mabanga, mtaani kwetu, kukuta nyumba imesimama na ukuta wake mmoja umepasuka. Ardhi ilikuwa haijatulia. Ulikuwa unaketi kunywa chai, mara vikombe vinagongana vyenyewe. Na kutoka upande wa Rutshuru, nilikozaliwa, habari za waasi zilikuwa zimeanza upya.

Kriki niliinunua Birere, kwa wauzaji wa vyuma vikuukuu. Ilikuwa ile ya kukunjika kama mkasi: unazungusha parafujo, mikono yake inanyooka, gari linapanda. Mimi nilitaka ipandishe mashine.

Nilikuwa na defonsezi, mashine ya mkono inayozungusha kisu kidogo kwa kasi kubwa. Kisu hicho tunakiita meshi. Kinachimba mfereji ndani ya ubao au kupamba ukingo wake. Ukiifunga mashine hiyo kichwa chini, chini ya meza, meshi ikatokeza juu kwenye tundu, husukumi tena mashine juu ya ubao, unasukuma ubao juu ya meshi, na kazi inatoka safi. Taabu yake ni moja. Kila unapotaka meshi ipande kidogo, sharti upige magoti, uingize kichwa chini ya meza, ulegeze, uinue kwa mkono, ukaze tena. Mgongo wangu ulikuwa umekataa mambo hayo. Na fundi niliyekuwa nikifanya naye kazi alivuka ziwa kwenda Bukavu wakati wa matetemeko, hakurudi.

Aliyebaki kunisaidia ni mke wangu.

Mke wangu ni mshonaji. Ametoka Butembo, na kama watu wengi wa kwao, hajui kukaa bure. Cherehani yake ndiyo iliyotulisha miaka ambayo ubao haukupata mnunuzi. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano bila kutazama, huku anazungumza na mteja, kwa kuhisi tundu na ncha ya kidole cha shahada. Alikubali kunisukumia mbao asubuhi, kurani, yaani umeme, ikiwapo, kabla ya kukaa kwenye cherehani. Tangu siku ya kwanza niliogopa kuiona mikono ile karibu na meshi. Niliiogopea kila siku, na bado nikakosea. Nimeona afadhali niandike jinsi ilivyokuwa.

Chanzo kiko mbali kidogo. Mlima ulipowaka mara ya kwanza, nilikuwa na karakana ya kweli, yenye mashine kubwa ya chuma iliyofungwa kwa bulo, yaani bolti, ndani ya beto, zege la sakafu. Moto ulipokuwa ukishuka mtaani, mimi nilikuwa nimepiga magoti na spana, nalegeza bulo zilizoshikwa na kutu. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakataa. Joto lilikuwa limeanza kuingia kwa mlango wa nyuma. Mke wangu, mtoto mgongoni, alinishika kola ya shati akanivuta kama anayevuta mbuzi.

"Iache! Ni chuma! Weye uko mutu!"

Mashine ilibaki ndani ya moto ule, ulioganda ukawa jiwe. Leo kuna nyumba ya watu juu yake, wanapika, wanaanika nguo.

Basi nikajiwekea sheria: kitu chochote nitakachotengeneza tena lazima kifunguke kwa mkono mtupu na kienee juu ya chukudu moja, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Meza hii ya defonsezi niliitengeneza hivyo. Miguu yake ilishikwa na papiyo, yaani nati zenye masikio mawili ambazo unazungusha kwa vidole. Ule ubao wa pembeni unaoongoza kazi isipinde, nao ulishikwa na papiyo. Kriki niliiweka juu ya rafu ya mvule chini ya mashine, ikashikwa na papiyo pia. Nikapinda kipande cha ferabeto, yaani nondo, kikawa mpini, nikautokeza mbele ya meza. Ukizungusha kuume, kriki inakaza na meshi inapanda. Ukizungusha kushoto, springi za mashine zinaisukuma chini. Siku nilipoijaribu na kuona meshi inatoka tunduni polepole, sawasawa, bila mimi kuinama, nilimwita mke wangu aje aone.

Alitazama. Akazungusha mpini mwenyewe, akapandisha, akashusha. Kisha akainama akachungulia chini.

"Iko muzuri. Na swichi?"

"Swichi iko kwa mashine."

"Kule chini? Mi nikiwa nasukuma, nani atafunga kurani?"

"Mimi."

"Na ukiwa umeenda kusalimia batu inje?"

"Nitaleta swichi huku juu."

"Lini?"

"Udongo ukitulia."

Aligusa tundu la meza kwa kidole, akarudi kwenye cherehani yake.

Kuleta swichi juu kulitaka waya upigiliwe kwenye mguu wa meza. Waya uliopigiliwa haufunguki upesi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu yote. Nilikuwa nikifanya mazoezi ya kuifungua meza ile asubuhi kabla ya kazi, papiyo moja baada ya nyingine, miguu huku, ubao kule, mashine ndani ya gunia, kriki juu yake. Nilikuwa mwepesi sana. Jirani mchomeleaji alipita siku moja akanikuta nimefungua yote.

"Muzee, nichomee hiyo kriki kwa platini ya chuma. Itasimama, haitacheza tena."

"Na siku ya kukimbia?"

"Siku ya kukimbia utakimbia na meza? Mi nitakimbia na sufuria ya maharagi. Tutaona nani watoto watamufuata."

Nilimwambia aende akachomee milango yake. Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Mashine inatetemeka, ardhi nayo ilikuwa inatetemeka, na papiyo haipendi kutetemeshwa. Kila jioni nilizikuta zimelegea kidogo, na kila jioni nilizikaza kwa vidole na kujiambia kwamba inatosha.

Siku yenyewe tulikuwa na kazi ya milango ya mtu wa Keshero. Kila fremu ilitaka mfereji mrefu wa kupokea paneli, na mfereji wa namna hiyo unachimbwa kwa awamu: unapitisha ubao, unapandisha meshi kidogo, unapitisha tena. Ilitakiwa kuzima mashine kabla ya kupandisha. Mimi sikuzima, kwa kuwa kuzima kulitaka kuinama. Ubao ukishatoka juu ya meshi, nilizungusha mpini huku mashine inanguruma, na mke wangu akarudisha ubao mwanzoni. Tulikuwa tumezoea. Yeye alikuwa anasukuma, mimi mkono kwenye mpini.

Akiwa katikati ya ubao, tulisikia makelele barabarani. Pikipiki zilipita kwa mbio, kisha wanawake wenye mizigo, mmoja anapaza sauti kwamba waasi wamefika Kibumba. Niligeuza uso. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni papiyo: nianze na mguu gani. Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuifungua meza akilini wakati mke wangu bado anafanya kazi juu yake.

Sasa, sisi hapa tuna neno moja, funga, na tunalitumia kwa mengi. Tunafunga mlango. Tunafunga parafujo tukiikaza. Na kurani pia tunaifunga, pale ambapo watu wa pwani wangesema zima. Ubao wa kuongoza ulikuwa umelegea upande mmoja, ukasogea, ukabana fremu juu ya meshi. Mashine ikabadilisha sauti. Mke wangu akapiga kelele:

"Funga! Papa, funga!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini. Nikafunga. Nilizungusha kuume kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayekaza parafujo inayolegea, na meshi ikapanda ndani ya ubao uliokuwa umebanwa. Fremu iliruka nyuma ikapiga ukuta. Mkono wake wa kuume, uliokuwa unaisukuma, ukaenda mbele peke yake.

Sitaandika nilichokiona. Niliinama chini ya meza, mgongo na yote, nikaizima. Niliinama bila shida yoyote.

Barabara ilikuwa imejaa watu wanaokimbia upande mmoja, na sisi tulipita katikati yao juu ya pikipiki kwenda upande mwingine, kwenye kituo cha afya, mkono wake umefungwa kwa kitenge alichokuwa anakishona. Muuguzi alifungua kitambaa, akatutazama.

"Nani alimukata?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ni mashine," mke wangu akasema. "Usimusikilize huyu muzee. Akiogopa anasema hovyo."

Kidole cha kati kilishonwa, kikapona. Cha shahada kilipoteza ncha. Waasi hawakufika mjini safari ile. Watu walirudi jioni ileile na magodoro yao vichwani. Niliwakuta mlangoni wakipita nilipokuwa namrudisha nyumbani, na sikuweza kuwatazama.

Majuma yaliyofuata yalikuwa marefu. Hakunilaumu, na hilo lilinitisha kuliko matetemeko. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Wateja walikuja na nguo zao, akawaambia wangoje, wengine walingoja, wengine wakazichukua. Nilikuwa namwangalia anapomenya viazi, anapofunga kilemba, nikitafuta kujua kama kile kidole kinasikia kitu. Siku moja nilimkuta ameketi karibu na dirisha na sindano. Alijaribu, uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena. Akauweka chini, akakaa akitazama barabara. Nilirudi nyuma kimya ili asijue nimeona.

Mchomeleaji alikuja bila kuitwa, na mashine yake ya kuchomea juu ya chukudu. Hakufanya mzaha. Alichomea kriki kwenye platini, bamba nene la chuma, akachomea na pembe za chuma za kuushika ubao wa kuongoza. Mimi nilipigilia waya kwenye mguu wa meza, misumari mingi kuliko iliyohitajika, nikaweka swichi juu, mbele, mahali pa goti na pa mkono, nikaipaka rangi nyekundu. Alipomaliza alijaribu kuitikisa meza, haikutikisika.

"Sasa hii haikimbii tena, muzee."

"Haikimbii."

"Basi ununue sufuria."

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu siku ile. Kisha akaweka sheria yake, iliyofuta yangu: ndani ya nyumba hii hakuna funga peke yake. Mtu aseme funga mulango. Kwa kurani aseme zima, kama kwenye redio. Kwa parafujo aseme kaza. Mpaka leo tunasema hivyo, na wajukuu wakija wanatuona wa ajabu.

Ubao hakusukuma tena. Nilimkataza, na hata nisingemkataza asingerudi pale. Kushona alirudia polepole. Asubuhi nilikuwa namtilia uzi sindano kadhaa, nazichomeka kwenye mto wake mdogo, kabla sijawasha mashine. Macho yangu si ya kazi hiyo. Nilikuwa nachukua muda mrefu, naye alikuwa ananiacha nichukue.

Halafu vita vilifika kweli, katikati ya mji. Safari hii hapakuwa na njia ya kukimbilia: upande wa Sake walikuwa wanapigana, na ziwa ni ziwa. Mlio wa kwanza mzito ulipodondosha vumbi kutoka darini, mke wangu akaniambia, "Funga."

"Funga gani?" nikauliza.

"Mulango, muzee! Yesu wangu!"

Nikaufunga. Tukaingia chini ya meza, kwa kuwa ndicho kitu kizito kuliko vyote nyumbani, kwa sababu ya chuma alichokichomea jirani. Tulikaa pale, migongo kwenye rafu ya kriki. Nje ilikuwa mchana mweupe. Risasi zilikuwa zinasikika, zinakoma, zinaanza tena karibu zaidi. Mke wangu alikuwa ameingia na gauni la mteja ambalo pindo lake halikuisha, na sindano imechomekwa kifuani. Sindano haikuwa na uzi. Akanipa.

Nikauelekeza uzi tunduni. Uzi ulipita kushoto, ukapita kulia. Nililowesha ncha kwa mate, nikakosa. Bomu likaanguka mahali fulani, nikakosa tena.

"Lete," akasema.

Aliishika sindano kwa mkono wa kushoto, akaliweka tundu lake juu ya mdomo wa chini, pale ambapo mtu anahisi hata chembe ya unga. Akafumba macho. Alilitafuta kwa muda, uzi ukitembea juu ya mdomo, na sikuwa nasikia tena cha nje. Uzi ukapita. Akauvuta, akapiga fundo, akalikunjua pindo juu ya magoti yake.

"Usegee kidogo," akaniambia. "Unanizibia mwangaza."