Muhtasari Nilioandika Mwenyewe

Nina mwandiko mzuri, na ndio ulioniponza.

Baba alipofariki nilikuwa nimelima shamba lake la mananasi, nje kidogo ya Lugoba, kwa miaka minane. Nilirudi pale nikiwa mjane. Wakwe zangu wa Mkange walinifungia mizigo hata tanga halijaanuliwa, wakaniambia niende kwetu. Nikaenda kwetu, nikamwuguza baba, nikapanda miche mpaka viganja vikachubuka. Sina ardhi nyingine duniani. Kisha kaka yangu, anayeishi Dar, akatangaza kwamba shamba amelipatia mnunuzi.

Jirani yangu, mwanamke mwenzangu, ni Mwislamu. Baba yake alipokufa alipimiwa nusu ya fungu la kaka yake, akaja kwangu kunung'unika. Nilimsikiliza huku namwonea wivu mpaka nikaona haya. Hiyo nusu mimi ningeibusu! Kwetu sisi, ukoo wa Kikristo, hakuna nusu wala robo. Kuna mila, halafu kuna mstari wa Maandiko wa kuisitiri.

Lakini Maandiko nami nayajua. Kikao cha ukoo kilipoitwa nilikwenda na Biblia yangu, nimetia alama pale mabinti watano waliposimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu akawapa haki. Nilisoma nimesimama.

Baba mdogo, ambaye ni katekista, alinisikiliza kwa upole ulionitisha. Kisha akafungua jalada la ukoo.

"Umesoma vizuri mwanangu, kama kawaida yako," akasema. "Sasa tusomee na hii."

Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokwisha kugeuka njano. Niliutambua mwandiko kabla ya maneno. Ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeisahau karatasi ile, au nilijisahaulisha.

Siku niliyoiandika nilikuwa na miaka kumi na tisa, mshindi wa mashindano ya Biblia parokiani, naringa kweli kweli. Shangazi yangu alikuwa ameachwa na mumewe, akaomba kipande cha shamba hilo hilo. Naye akawataja mabinti watano. Wazee wakababaika. Ndipo mimi, katibu wa kikao, nikainua mkono bila kuulizwa, nikaeleza kwamba wale walipewa kwa sababu hawakuwa na kaka. Wazee wakanipigia makofi. Nikaandika kwenye muhtasari: "Binti mwenye kaka harithi shamba. Kwake ni kwa mumewe." Shangazi hakujua kuandika. Nilimshika dole gumba mimi mwenyewe, nikaligandamiza kwenye karatasi.

"Soma basi," kaka akasema.

Nikasoma. Kisha nikauliza, mume akifa, kwake ni wapi? Baba mdogo alisema tu kwamba ukoo haukugeuza neno kwa shangazi yangu, hauwezi kuligeuza kwangu. Nilimwambia nitakwenda mahakama ya mwanzo. Akaniuliza nitakwenda na muhtasari gani wa ukoo, huu wa leo au ule nilioandika.

Naona haya kusema, lakini nilipiga magoti. Nilimshika kaka miguu mbele ya watu wote, nikamsihi aniachie hata robo ekari, hata mahali pa kusimamisha kibanda tu. Akaniambia nichume yaliyoiva kabla ya Jumamosi.

Shangazi alikuwepo, kwenye mkeka wa wanawake. Nilisubiri anicheke. Alikuwa na haki ya kunicheka mpaka mbavu zimwume, na nadhani ningepata nafuu. Watu walipotawanyika akanijia pale chini nilipokuwa nimekaa.

"Shikamoo shangazi," nikasema. Sikuwa na neno jingine la kumpa.

"Marahaba mwanangu. Inuka. Utakuja kwangu, kitanda kitatutosha."

Kwake ni chumba cha kupanga, hapo hapo Lugoba, na amekaa humo tangu mwaka ule wa dole gumba. Miaka yote hiyo nimekwenda kanisani, sokoni na mashineni kusaga, na kila mara nimeipita nyumba ile. Ilibidi nimwulize ni mlango upi.