Makofi Tuliyompigia Honorable

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Honorable Ntabaza, mbunge wetu, alikuja mtaani kwetu Kadutu, katika salle, ukumbi wa parokia. Sheria ya Kinshasa iko wazi: mke na mume wasikilizane juu ya dawa ya kupanga uzazi, wakishindwa, neno la mwenye kuitumia ndilo linapita. Yeye akataka centre yetu ya afya isimpe mwanamke sindano ya kuzuia mimba mpaka bwana asimame pale.

"Bamaman, kila mutoto anakuja na mukate wake!"

Koko Nsimire, bibi kizee aliyezaa kumi, akajibu toka kwenye benchi: "Bangu balikuja mikono mitupu, Papa. Labda mikate ilibakia kwako."

Tulicheka sana. Lakini honorable alipomaliza tukampigia makofi, adabu tu, kama kwa mgeni yeyote. Hapo hapo katibu wake akatangaza: "Imepita kwa acclamation!" Yaani makofi yetu yamekuwa kura ya ndiyo.

Koko akatugeukia. "Wanasema mukono usioweza kuukata, uubusu. Huu mulikuwa munaweza!"

Haukupita muda nikajifungua kwa operesheni. Daktari akanionya: mimba nyingine upesi, tumbo litapasuka. Nikaenda centre kuomba sindano, kovu bado bichi. Infirmier Bahati, muuguzi tuliyesoma naye shule ya primaire (mimi nikaishia pale), akaniuliza:

"Bwana iko wapi?"

"Shabunda, mu machimbo ya dhahabu."

"Umulete."

Nimlete kwa mabawa? Nikamtajia sheria.

"Sheria iko Kinshasa, Maman. Hapa mulipiga makofi."

Bwana akarudi Noeli, na nyumba ni nyumba: nikashika mimba. Tumbo likapasuka kama daktari alivyosema. Mtoto tulimzika Nyangezi, kizazi kikatolewa, mimi nikabaki. Ntabaza hakufika matanga. Bahati alifika, akala, akaomba tena fufu.

Sasa Ntabaza anazunguka tena kuomba kura, eti analinda familia! Na ninyi wasichana mnaniambia politiki haiwahusu. Inawahusu mpaka ndani ya tumbo.

Mwanangu, sikukatazi kuzaa. Nakukataza adabu ya kijinga. Ijue sheria ungali mzima, maana mgonjwa hana nguvu ya kubishana. Mtu akisema "tumekubaliana," muulize: nani, na juu ya nini? Wakikuuliza bwana iko wapi, waambie: mwenye mwili huu niko hapa.

Mungu akupe watoto unaowataka, saa unayowataka, na akuache hai uwalee.