Siku ya Kwenda Kuichukua Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchora hata mstari mmoja. Nilifika karakana ya serikali ya Chapwa, hapa Tunduma, nikiwa na penseli tatu nilizozichonga usiku wake na rula mpya, maana niliajiriwa kuwa mchoraji katika Kitengo cha Usanifu. Fundi Mkuu alizipokea penseli zote, akazitia mfukoni mwake, kisha akanipa kigoda.

"Vuka barabara," akasema. "Kaa pale kwenye mashine ya kusaga, wanapopukuchua mahindi akina mama. Usiulize kitu. Saa sita uje uniambie wanafanya nini."

Nilikaa pale nikila vumbi la malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani. Saa sita nikarudi.

"Wanapukuchua mahindi, Fundi."

"Hilo hata mimi naliona kutoka dirishani, Simbeye. Vidole vyao vinafanya nini?"

Sikujua. Akanirudisha. Kesho yake ndipo nikaanza kuona. Mwanamke hashambulii hindi lote. Anatoboa mstari mmoja wa punje kwa kidole gumba, mstari ukishafunguka anausukuma wa jirani yake uangukie kwenye nafasi ile, na mingine inafuata. Kidole kikichoka anachukua gunzi, yaani hindi lililokwisha punje, analitumia kusugulia lile jipya. Na karibu wote walikuwa wamefunga kitambaa kwenye kidole gumba. Nilipomweleza hicho kitambaa, Fundi Mkuu alinirudishia penseli moja. Zile mbili alinipa baadaye, moja moja, na kila moja niliitolea jasho.

Siku hizi vijana mnaiita fikra bunifu, na mnafundishwa kwenye semina kwa vikaratasi vya rangi mnavyobandika ukutani. Siwacheki. Nimevisoma vikaratasi hivyo na nimeitambua kazi yetu humo. Sisi hatukuwa na jina. Fundi Mkuu alisema tu, "Mjue mtu kwanza, chuma kitafuata." Ukishamjua mtu, unaandika tatizo lake kwa sentensi moja ambayo yeye mwenyewe akisomewa ataitikia. Kisha mnakaa mezani na kila mtu anatoa wazo, hata la kuchekesha, bila kukatwa. Baada ya hapo unatengeneza mfano wa awali, yaani kitu cha kujaribia tu, si cha kuuza. Wetu wa kwanza ulikuwa wa maboksi siku zote. Nilimuuliza Fundi kwa nini tusianze na mbao, akasema, "Boksi halikuumi moyo ukilitupa."

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Meneja wa Karakana hakuwa mtu mbaya, ila aliona kitengo chetu kinakula chuma bila kutoa kitu, wakati mageti na madirisha yana wateja wanaosubiri. Akatupa msimu mmoja. Mahindi yakiisha kwenye vihenge kabla mashine yetu haijapata watumiaji, kitengo kinafungwa na sote tunakwenda kuchomelea mageti. Nilikuwa na penseli mbili tu wakati huo. Nilikosa usingizi.

Tukatengeneza ya boksi, tukatengeneza ya mbao, mwishoni ya chuma: meza yenye miguu minne, juu yake gurudumu lenye meno, na mpini wa kuzungusha. Tukaipakia kwenye pikapu mpaka kijiji kimoja nyuma ya Nanyala, kwa Mama Enea, mwanamke wa makamo ambaye majirani walizoea kukusanyika uani kwake kupukuchua pamoja. Tulipokelewa vizuri mno. Kazi ilisimama. Viti vikatoka ndani, kuku akachinjwa, mimi nikaonyesha mashine inavyofanya kazi, na akina mama wakapiga vigelegele.

"Ni nzuri sana," akasema Mama Enea. "Tunashukuru mmetukumbuka."

Nilifunga mpini kwa kamba ili watoto wasiuchezee, tukaiacha. Njiani nilikuwa naimba. Nilipomsomea Fundi Mkuu taarifa yangu, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wamekataa nini?"

"Hawakukataa kitu, Fundi. Wameipenda."

"Basi bado hamjafika. Mgeni hupewa kuku, Simbeye, hapewi ukweli. Baada ya wiki nne tutakwenda kuichukua."

"Kuichukua? Si tumewapa?"

"Tutaichukua. Hapo ndipo utajua."

Hiyo ndiyo ilikuwa hatua yake ya mwisho ya kazi, na mpaka leo sijaiona kwenye kikaratasi cha semina yoyote. Alisema ukimuuliza mtu kama kitu ni kizuri, unamlazimisha kuwa na adabu. Ukienda kukichukua, unauona moyo wake.

Tulikwenda. Mama Enea alitusalimu, akaingia ndani, akarudi na mwenzake wameibeba mashine. Ilikuwa imepanguswa inang'aa, imefunikwa kitenge, na juu ya kitenge waliweka mkungu wa ndizi wa kutushukuru.

"Tumewatunzia vizuri," akasema. "Hata mvua haikuigusa."

Nilifunua kitenge. Mpini ulikuwa bado umefungwa kamba. Fundo lilikuwa langu.

Kwenye pikapu nililia, ndizi zikiwa mapajani. Fundi Mkuu hakunibembeleza. Alisema tu, "Safari hii nenda bila gari."

Nilishuka basi kwenye barabara kuu, nikatembea na kifurushi changu mpaka kwa Mama Enea, nikaomba kukaa. Siku ya kwanza bado nilikuwa mgeni, nilipewa kiti. Nikakikataa, nikakaa mkekani, nikanyoosha miguu kama wao, nikaanza kupukuchua. Walinicheka mpaka machozi.

"Angalia mikono ya ofisini!" akasema mmoja. "Hindi moja, asubuhi nzima!"

"Mwacheni," akasema Mama Enea. "Serikali haipukuchui haraka."

Siku ya pili kidole changu kilitoka lengelenge. Mama Enea alichana kitambaa, akanifunga. Siku ya tatu hakuna aliyekumbuka kunipa kiti, na mchana, tukiwa tumezama kwenye kazi na umbea, nikasema bila kumtazama mtu, "Ile mashine yetu ilikuwa mbaya, eh?"

Kisha Mama Enea akasema taratibu, "Haikuwa mbaya, binti yangu. Ilikuwa inasimamisha."

"Inasimamisha nini?"

"Mtu. Sisi tumekaa hapa, miguu imenyooka, mwenye mtoto ananyonyesha. Wewe unataka mmoja wetu akasimame mezani kama mwalimu wa darasa. Nitaongeaje na mtu anayeniangalia utosini? Na punje zinaruka mpaka kwa kuku. Tukasema, tuwatunzie tu, wasijisikie vibaya."

Nilikuwa nimevitazama vidole kwa siku mbili, lakini sikuitazama miguu. Nimewasimulia wengi hilo, na ninawasimulia na ninyi, ili msikate tamaa mkikosea. Kosa kama hilo halitoki kwenye uzembe. Linatoka kwenye kuangalia kitu kimoja kwa bidii sana.

Nilirudi Chapwa, tukaanza upya kwenye boksi. Tulikata miguu ya meza. Tukaweka ubao mrefu wa kukalia, gurudumu likawa mbele, chini, katikati ya miguu iliyonyooshwa, na mdomo wa bati wa kushushia punje kwenye ungo ili zisiruke. Mpini tuliufanya mfupi, uzungushwe kwa mkono mmoja, mwingine ubaki kwa mtoto. Vihenge vilikuwa vimeshafika nusu. Tuliipeleka bila sherehe, tukaiacha bila kamba.

Wiki nne zilipoisha, Meneja mwenyewe alipanda pikapu pamoja nasi, maana alitaka kumaliza suala letu. Tulimkuta Mama Enea amekaa juu ya ubao, anazungusha, wenzake wamemzunguka, kicheko kinasikika tangu njiani. Hakuinuka. Hakuleta kiti.

Fundi Mkuu akamsalimu, akasema, "Mama, tumekuja kuichukua mashine."

"Ipi?"

"Hiyo uliyoikalia. Ni mali ya karakana."

Mama Enea aliendelea kuzungusha. "Basi karakana ije ikae hapa ipukuchue, mimi nikapumzike."

Wenzake wakaangua kicheko. Meneja akajaribu kueleza kwamba ilikuwa ya majaribio tu.

"Baba, wewe ni mtu mzima," akasema Mama Enea, na sasa hakuwa anatania. "Mtu unampa kitu, kidole chake kinapona, halafu unakuja kumnyang'anya? Njooni na polisi."

Fundi Mkuu aligeuza uso, akawa anatazama mibuni ya jirani. Nilipomsogelea nikaona macho yake yamelowa. "Andika, Simbeye," akasema. "Amekataa." Kisha akatoa mfukoni ile penseli ya tatu.

Kitengo hakikufungwa. Nilifanya kazi humo miaka mingi. Nilipelekwa Mkwajuni kusanifu vitoroli vya wachimbaji wadogo, chini ya Mkuu wa Kituo aliyependa michoro mizuri kuliko watu. Huko nilijifunza kupigania siku yangu ya kuchukua. Nilirudi Chapwa kuwa Fundi Mkuu, nikakuta mwalimu wangu ameshazikwa kwao Mbozi. Nilikalia kigoda chake, kile alichonipa siku ya kwanza, na kila mchoraji mpya nilimvusha barabara nacho. Mama Enea naye ametangulia. Ubao wake wa kukalia, binti yake aliniambia, umelika katikati mpaka ukawa kama kijiko.

Nimestaafu mwaka huu. Siku ya mwisho walinifanyia sherehe, kulikuwa na keki na hotuba. Meneja wa sasa, binti mwenye akili na heshima, aliniuliza, "Shikamoo mama. Vipi, tumekufanyia vizuri?"

"Marahaba. Vizuri sana," nikasema. "Nashukuru mmenikumbuka."

Baadaye mtunza stoo akapita na orodha ya vifaa. "Samahani mama, na hicho kigoda. Ni mali ya karakana."

Nilikuwa nimekikalia. Niliinuka, nikakipangusa vumbi kwa kitenge changu mpaka kikang'aa, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikamwambia nimekitunza vizuri.

Nimekuwa nikifikiria hilo asubuhi hizi, saa ambayo zamani ningekuwa nafungua mlango wa karakana na kusikia nondo ya kwanza ikikatwa. Nyumbani ni pazuri. Wajukuu wananiletea kiti popote ninaposimama. Nikienda sokoni bado natazama mikono ya watu, kisha miguu yao, na sina wa kumsimulia saa sita.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, jifunzeni hatua zote na mzipende, maana ni kazi nzuri, na mtaiweza. Ila mkirudishiwa kitu kikiwa safi mno, msifurahi haraka. Tafuteni fundo. Mimi siku ile ya kuagwa, langu hakuna aliyelitafuta. Fundi Mkuu angekuwepo, angesimama pale mlangoni na penseli zangu mfukoni, angeuliza, "Amekataa nini?"

Kuinuka, Fundi. Moyoni nimekataa kuinuka.