Sikio la Kushoto

Kisa hiki Mwalimu Masinde hukisimulia mwenyewe, kabla mkewe Nasike hajamwahi.

Mwaka wa 2004 jirani zao pale Kitengela walikuwa wakizima simu, eti kuna namba zinazoua. Upuzi huo ulimkera. Ijumaa, kwenye maombi ya jumuia, akatunga uongo wake: ukipokea simu kwa sikio la kushoto, unapoteza kumbukumbu. Jumapili angesimama kanisani aufichue, ili wajifunze kuuliza, "Nani aliona?"

Jumamosi shemeji yake akampigia kutoka Kiserian. "Shem, mmesikia huko? Hapa kuna mwenye duka amesahau jina la bibi yake. Sikio la kushoto!"

Masinde alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Halafu, msomi mzima, akahamishia simu sikio la kulia. Kwa muda tu, alijiambia.

Jumapili alikiri yote, kisha akawakaripia sawasawa: nani aliona, nani aliona! Kanisa zima likainamisha vichwa kwa aibu. Ndipo Nasike akainua mkono.

"Baba Valerie, mbona tangu jana unapokea simu kwa sikio la kulia?"

Mwalimu akakohoa. "Kuna mwenye duka huko Kiserian..."